Kijiko Kilicho Chini ya Kopo

Mama Sabitiyu, jirani yangu wa meza pale sokoni Oje, Ibadan, aliuza maziwa ya unga kwa kikombe, na kila mteja alimwongezea jara, ile nyongeza ya bure juu ya kipimo. Watu waliridhika, mpaka kampuni ilipobandika tangazo kwenye makopo makubwa: chini kabisa kuna kijiko cha zawadi.

Basi kila mtu akataka kikombe cha mwisho.

"Likikaribia kuisha niite, mama," akasema Wuraola, muuza uji.

"Na leo watoto watakunywa nini?"

"Chai ya rangi. Kwani watakufa?"

Mvua zikaanza, unga usionunuliwa ukashika mabonge, na Mama Sabitiyu akakosa usingizi. Asubuhi moja nilimkuta akilichokoa kopo kwa sindano ya kufumia.

"Mwenzangu, humu hamna kitu. Wataniita mwizi."

"Si useme ukweli!"

"Nani ataamini? Kopo nimelifungua mimi."

Sijui kampuni ilisahau au ilituchezea shere. Mama Sabitiyu alikimbia nyumbani, akarudi na kijiko cha fedha cha marehemu mama yake, akakizika kwenye unga. Siku hiyo alimwaga jara bila huruma ili kopo liishe, na Wuraola ndiye aliyekipata. Alikiinua juu, soko zima likakiona. Mama Sabitiyu akashusha pumzi.

Mara watu wakajaa mezani kwake, kila mmoja na kikombe mkononi.

"Mama Sabitiyu, fungua lingine!"