Mwito wa Pili

Wajukuu zangu wananiona mkorofi. Simu ikiita, siipokei mara ya kwanza. Naiacha ilie mpaka ichoke, kisha nangoja ipigwe tena. Mtu akija hapa kwangu Itetemia akabisha hodi mara moja na kunyamaza, ataota mizizi pale mlangoni. "Bibi, na kama ni dharura je?" Mwenye dharura atarudia, nawaambia. Asiyerudia hana shida na mimi, au shida yake si ya kusaidiwa na mtu aliye hai. Basi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu, mbavu ni zao.

Sisi tuliozaliwa upande wa Ipole tulilelewa hivyo. Ukiwa porini ukasikia unaitwa, fumba mdomo. Ukiitwa tena, hapo itika, huyo ni mtu. Jina halitajwi kabisa, maana pori likishalijua jina lako litalitumia. Mzazi akikutafuta huita "mwanangu" au "we binti", basi. Mimi haya niliyajua kabla sijajua kufunga kanga.

Sababu yenyewe ilipita nyuma ya mashamba yetu. Ilikuwa ile njia ya kale ya misafara. Ungeiona usingeijua, ilibaki uwazi mwembamba tu kati ya miombo, mahali ambapo miti imekataa kunenepa. Babu zetu walipita hapo na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, wakarudi na nguo na shanga. Ndui ikiingia katika msafara, mgonjwa hakungojwa. Aliwekwa chini ya mti na kibuyu cha maji, mzigo wake ukagawanywa, wenzake wakaenda zao. Hao walioachwa ndio wanaoita. Huita mara moja tu, kwa sababu koo zao hazikubakiwa na nguvu ya kuita mara ya pili. Ukiwaitikia, wamepata mwenzao.

Sasa nisikilizeni.

Mwaka ule Warusi waliporusha mbwa angani, nilikuwa msichana wa shule ya kati, ulimi mrefu kuliko miguu. Baba yangu alikuwa mrina asali. Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, alinichukua Tabora mjini tukauze nta kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Ukutani alikuwa na picha ya Malkia, na chini ya Malkia kulikuwa na redio. Siku hiyo watu walikuwa wamejazana mlangoni hata pa kupita hapakuwapo. Redio ilisema Warusi wametia mbwa jike ndani ya chombo, wakakirusha juu, nacho sasa kinaizunguka dunia.

"Na atashukaje?" mtu mmoja akauliza.

Mhindi akapunguza sauti ya redio. "Hashuki," akasema. "Hawakutengeneza njia ya kushuka."

Watu wakaangua kicheko. Wakasema Warusi wamemwogopa mbwa wao, wakasema sasa mwezi utabwekewa kwa karibu. Baba naye alicheka. Mimi sikucheka. Hawakumwambia, nikawaza. Walimpapasa kichwa, akatikisa mkia, akaingia akidhani anapelekwa matembezini. Njia nzima ya kurudi, nimekaa nyuma ya baiskeli ya baba, nilimsumbua kwa maswali. Je, wanamwita? Anawasikia? Mwalimu wetu alikwisha kutufundisha kwamba huko juu hakuna hewa, na pasipo na hewa sauti haitembei. Hata mtu akupigie kelele sikioni, husikii kitu. Baba akachoka. "We binti, huyo ni mbwa," akasema. "Shika mzigo usidondoke."

Hazikupita siku nyingi homa ikanishika. Mgongo uliniuma nikadhani nimevunjika. Kisha vipele vikaanza kutoka, usoni kwanza, halafu viganjani, na mama aliponifunua akaona viganja vyangu alirudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua nilimwona akiipiga. Bwana afya na sindano zake za kuchanja alikuwa hajafika kwetu. Kila mtu alijua ni ndui.

Na kila mtu alijua la kufanya. Mgonjwa wa ndui halali kijijini. Anajengewa kibanda cha majani porini, na kwetu kilijengwa kandokando ya njia ile ya kale, kwa kuwa huko hakuna anayelima. Anayemhudumia ni mtu ambaye ndui ilishampitia. Akifa, haguswi wala hatazamwi, kibanda kinachomwa naye akiwa ndani. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa hajawahi kuugua ndui, tena alikuwa ananyonyesha. Walimkatalia. Nilimsikia akilia nje ya nyumba, analia kwa hasira, anawatukana shangazi zangu mmoja mmoja. Baba, ambaye ndui ya utotoni ilikuwa imemwachia makovu kifuani, ndiye aliyenibeba. Aliniweka juu ya majani makavu, akaniwekea mtungi wa maji, akasimama kidogo. Alipoondoka nilihesabiwa kama nimesafiri.

Aliyepewa kazi ya kunihudumia ni bibi mmoja jirani yetu, uso wote umechimbika makovu. Alikuja kila asubuhi na uji na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Akifika karibu huita, "Mjukuu wangu!" Kisha tena, "Mjukuu wangu!" Nami naitika, "Abee," naye anaingia akinung'unika kwamba majani yananuka. Nilimpenda kwa manung'uniko yake. Akiondoka, ndipo ubaya ulipoanza.

Ninyi mnaosema mnapenda kukaa peke yenu, hamjui mnachokisema. Upweke wa kweli una uzito. Homa ikipanda nilihisi ardhi inaachia kibanda, na kibanda kinapaa polepole, kinapita juu ya mininga, juu ya mizinga ya baba iliyoning'inia matawini, kinaingia mahali pasipo na hewa. Nyenje walikuwa wanapiga kelele mchana kutwa, mara wote wananyamaza pamoja. Wakinyamaza, nauambia moyo wangu: basi, tumeshavuka, sasa hata nikipiga kelele hakuna atakayesikia. Niliongea na yule mbwa. Nilimuuliza kama amekula. Jioni moja, jua limekwisha kuzama na mawingu yamepasuka, niliona kwa uwazi wa mlango nyota inatembea. Haikumeta wala haikuanguka. Ilitembea tu, kwa utulivu, kama mtu aendaye kisimani, ikapita juu ya njia ya misafara ikapotea. Nilijua ni yeye. Nikainua mkono wangu wenye vipele nikampungia.

Siku iliyofuata, mchana, jua la utosi, nyenje wakanyamaza. Nikaitwa.

"Ee, wewe."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imekauka, na haikutoka upande wa kijijini. Niliuma kanga ili mdomo usije ukaniponyoka. Nikangoja wa pili. Wa pili haukuja. Baadaye nyenje wakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Bibi alipokuja kesho yake nikamwambia. Uso wake haukubadilika. "Umeitika?"

"Hapana."

"Vema. Kunywa uji."

Baada ya hapo ugonjwa ulinikaba hasa. Uso ulivimba, macho yakafumba kabisa, nikawa kipofu ndani ya kibanda changu. Ulimi na koo vilijaa vidonda. Asubuhi moja nikangoja uji, haukuja. Nikangoja mpaka jua likahama kutoka miguuni kwangu, nikajua ni jioni. Bibi hakuja. Nikapapasa mtungi, ulikuwa mkavu. Nikawaza: basi, wameshagawana mzigo wangu.

Kumbe bibi wa watu aliteleza kijitoni kwenye mawe yaliyolowa mvua, akavunjika mguu. Walimpata amelala pale jua linazama, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba mtoto hajala, na jana alimwacha anapumua kwa shida. Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani kwetu. Asubuhi baba alitoka na uji mkono mmoja, na mkono wa pili kigae chenye makaa ya moto. Mayu akamkabidhi shangazi mtoto, akamfuata. Waliambiwa wasivuke mti wa mpaka, mninga mkubwa uliosimama mbali kidogo na kibanda, mpaka wasikie kama kuna mtu.

Hapa niwaambie jambo ambalo mimi nilikuja kulijua baada ya kupona. Watoto tulifundishwa kutoitika mwito wa kwanza. Wazazi wetu nao walikuwa na mwiko wao, hawakuutamka mbele yetu. Mtu unayedhani amekufa, unamwita mara moja tu. Asipoitika, nyamaza, geuka. Mwito wa pili ni kamba: unamfunga marehemu kiunoni mwako, anakufuata nyumbani, na nyumbani kuna watoto wengine.

Kwa hiyo Mayu aliita mara moja.

"Mwanangu!"

Niliisikia. Mungu wangu, niliisikia sawasawa. Ilikuwa sauti yake hasa, na hilo ndilo lililonitisha, maana Mayu hakutakiwa kuja. Nikajiambia, wamejifunza sauti ya mama. Nikauma kanga. Nikangoja wa pili.

Na yeye pale kwenye mninga alikuwa ananingoja mimi.

Sijui ulikuwa muda gani. Nyenje walikuwa wamenyamaza. Nilisikia tone la maji likidondoka kutoka jani moja hadi jingine. Kati yangu na mama yangu palikuwa na umbali ambao mbuzi angeuvuka huku anatafuna, na hatukuweza kuuvuka, kila mmoja amefungwa mdomo na mafundisho mema. Kisha nikasikia harufu ya moshi. Baba alikuwa anapuliza makaa.

"Basi, mama watoto," nikamsikia akisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Amekwenda. Geuka, usiangalie."

Nikasikia nyayo zake nzito zinakuja. Nikajua moto ni wangu. Nilitaka kupiga kelele, lakini fikirini: kama si wao? Kama ni wale wa njiani, wamekuja na sauti ya mama, na sauti ya baba, na moshi wao? Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Ningeungua nimenyamaza, mtoto mwenye adabu.

"Mwanangu!"

Wa pili. Baba akapiga ukelele, "Mwanamke, unafanya nini!" Nikasikia purukushani, nadhani alirudi kumziba mdomo, naye akamng'ata, maana kovu la meno lilibaki mkononi mwa baba mpaka uzee. Akaita tena na tena, mwito wa tatu, wa nne, akalitaja na jina langu zima la ubatizo, pori lote likasikia, na liende kulitumia likitaka!

"Abee," nikasema. Ilitoka kama mlango mbovu. "Abee, Mayu."

Kigae kikapasuka chini. Baba alikuja mbio akaingia na uji, akaninywesha huku analia bila kujificha, mwanamume mzima. Mayu hakuvuka mninga, kwa ajili ya yule mdogo wangu wa kunyonya. Alikaa chini ya mti ule mchana kutwa, akawa anaongea. Alinisimulia habari za kuku, za shangazi zangu na roho zao mbaya, za mahindi yaliyochipua. Maneno ya kipuuzi matupu. Sijawahi kusikia redio iliyosema vizuri kuliko hiyo.

Nilipona, na makovu haya mnayaona. Niliporudi mjini na baba nilimuuliza Mhindi habari za mbwa. "Amekufa," akasema. "Siku nyingi." Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Sikumlilia kwa kuwa amekufa, kila mtu atakufa. Nililia kwa sababu aliitwa vizuri alipokuwa anaingia, na hakuna aliyemwita mara ya pili.

Tangu hapo Mayu aliniita mara mbili, hata nikiwa nimesimama mbele ya pua yake. "Mwanangu, mwanangu, lete chumvi." Shangazi walimcheka. Nilipoolewa mjini aliniita hivyo, alipohamia hapa kwangu uzeeni aliniita hivyo, meno yamekwisha, macho yamekwisha. Aliniita hivyo hata asubuhi aliyokata roho, hapa katika chumba hiki.

Mwaka jana, mchana, nilikuwa nje napepeta karanga. Wajukuu wapo barazani na simu zao. Nyenje wa kwenye ua wakanyamaza wote.

"Mwanangu."

Nikashikilia ungo. Nikangoja wa pili. Niliungoja kwa moyo wote, kama nilivyoungoja siku ile. Haukuja. Mayu wangu, aliyeniita mpaka akamng'ata mumewe, safari hii alikuwa na nguvu ya mwito mmoja tu.

Najua ninachofundisha watoto. Najua na kinachofuata.

"Abee, Mayu," nikasema.

"Bibi, unaongea na nani?" wakaniuliza. Nikawaambia waje wachukue ungo.