Vijiko Sita vya Chumvi kwenye Simu ya Musoki

Saa mbili asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya soko la Bunia, Jeannine ana simu kuukuu mkononi na kompyuta kubwa mbele yake. Habari ileile iko kwenye vioo vyote viwili. Anasoma mstari kwenye kompyuta, kisha anausoma tena kwenye simu, kidole kikitembea polepole kama cha mtoto wa darasa la kwanza.

Kazi yake ni kupanga habari za tovuti moja ya hapa mjini. Muuguzi, mwalimu au mkuu wa kata anatuma maandishi yaliyobanana, au yaliyotawanyika. Yeye anayaweka sawa: nafasi, mistari, vichwa. Habari thelathini kwa siku, dola mia moja na ishirini kwa mwezi.

"Watu wanasema ninaanika tu maneno, kama muhogo," anasema. "Mimi pia nilisema hivyo. Kazi kama hii itaumiza nani?"

Inaweza kuua mtoto. Tuseme wazi, kwa sababu sisi akina mama siku hizi dawa tunaisoma kwenye simu.

Mwezi wa tatu, kuhara kulipanda kutoka upande wa ziwa, huko Kasenyi kunakotoka samaki wa chumvi. Muuguzi mmoja akatuma maelezo ya maji ya kumpa mtoto anayehara: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Vilikuwa vitu vitatu, mistari mitatu iliyopinda. Jeannine akaviweka vyote kwenye mstari mmoja mrefu, akaachanisha maneno vizuri. Kwenye kompyuta kulipendeza, akaituma habari hewani. Kwenye simu hakuangalia. Hakuwa na desturi hiyo, maana kompyuta inatumia intaneti ya ofisi, na simu inakula mega anazonunua mwenyewe.

Lakini simu ni nyembamba. Mstari ulikatika mara mbili. Juu kukabaki "Maji lita 1 Sukari". Chini yake, "vijiko 6 Chumvi". Chini kabisa, "nusu kijiko", peke yake kama yatima.

Musoki, muuza nyanya wa miaka ishirini na mbili, aliisoma hivyohivyo. Binti yake Tina, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anahara tangu alfajiri. Musoki akapima chumvi vijiko sita, ile nusu iliyobaki akaipa sukari, akatikisa chupa.

Nyumbani kwake yuko mama mkwe, Madeleine, mzaliwa wa Mahagi. Hana simu. Ana desturi moja tu: chochote cha mtoto kinapita kwanza kwenye ulimi wake. Alimimina kidogo kiganjani, akaramba, akatema.

"Musoki, hii maji ni ya nani?"

"Ya Tina, mama. Iko dawa."

"Dawa ya samaki ya Kasenyi. Weye unataka kumukausha mutoto?"

"Iko mu simu, mama. Soma."

"Mimi sisomi simu. Nimesoma chumvi."

Walimbeba Tina hadi kituo cha afya, na huko akatibiwa. Leo anatembea. Siku ile, alipoona mtoto amelala salama, Madeleine alichukua chupa na simu ya mkwe wake, akauliza ofisi ya tovuti ile iko wapi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Jeannine. Hakuketi. Alimimina kikombe.

"Kunywa, binti yangu."

Jeannine alipiga funda moja, akakimbilia mlangoni kutema. Mkuu wake, Sébastien, akafungua habari ile kwenye kompyuta.

"Lakini mama, hapa iko muzuri."

"Hapa ni kwako," Madeleine akajibu. "Siye hatuna hiyo televizyo yako."

Akaweka simu mezani. Jeannine akasoma, akasoma tena, akakaa chini sakafuni. Habari ilikuwa imekaa hewani tangu jana yake. Watu elfu moja mia tatu na kumi na wawili walikuwa wameifungua.

"Hakuna mutu alinituma," anasema. "Mukono wangu ndio ulipanga."

Waliiondoa, wakatuma maelezo sahihi, kila kitu na kipimo chake kwenye mstari wake. Wakaomba redio iyasome. Lakini maelezo yale mapya yalifunguliwa na watu mia nne na kumi na saba tu. Hao wengine wako wapi? Wamechanganya nini? Mpaka leo hakuna aliyeleta habari mbaya, na Jeannine anasema kimya hicho hakimpi usingizi.

Kwa hiyo mama, ukisoma kipimo kwenye simu, usiamini mstari uliokatika. Muulize muuguzi. Onja mwenyewe kabla ya mtoto. Maji yale hayatakiwi kuzidi machozi kwa chumvi.

Sasa hakuna habari inayotoka ofisini kabla Jeannine hajaisoma kwenye simu ndogo kuliko zote. Na Jumamosi hii anateremka Kasenyi na karatasi mia tano zenye maelezo sahihi, atazigawa kwa akina mama wanaonunua samaki.

Sébastien alimuuliza kama anadhani atawapata wote waliosoma.

"Hapana," alisema. "Lakini kila mama nitamuuliza kwanza kama mutoto wake angali muzima. Akisema yuko, ndipo nitamupa karatasi."