Injekta ya Tatu Haigongi

Dada zangu wa Bujumbura, mnisamehe. Miezi imepita bila barua, kalamu ilikuwa inanishinda.

Leo Aline wangu kaniuliza swali mbele ya fundi.

Gari la baba yake lilikaa uani tangu vita, petroli ikaharibika ndani. Fundi Selestini wa mtaa wa Kimisagara akaliwasha, likatetemeka kama mwenye malaria.

Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injekta, ile inayopulizia petroli ndani ya injini, mpini sikioni mwangu.
"Mama Aline, sikiliza. Iliyo nzima inagonga."

Ya kwanza, tik tik tik.
Ya pili vilevile.
Ya tatu, kimya.

Aline naye akataka kusikiliza. Akasikiliza ile ya kwanza, akanong'ona, "Papa iko ndani?"

Fundi akatazama chini.

Siku zote nilimwambia baba yake amesafiri. Nikapiga magoti.
"Hapana, mwanangu. Hicho ni chuma. Papa alikufa. Hatarudi."

Akanirudishia bisibisi.
"Sasa nani ataendesha?"
"Mimi."

Ninyi mngemjibu nini?

Sasa nahitaji mnitumie injekta moja, raba zake mbili za kuzuia petroli isivuje, chujio la petroli, na picha ya baba yake Aline. Picha zetu ziliungua, na mtoto ameanza kusahau sura yake.