Hongera ya Kofia

Jumamosi, nje ya duka la mikate mtaa wa Morningside, Durban, mtalii Mmarekani aliona kofia ya timu ya kwao ya besiboli kichwani mwa mlinzi wa magari, Mrundi. Akamkimbilia, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera! Tumetwaa ubingwa!"

Mlinzi akainamisha kichwa. "Asante, ndugu. Tumeteseka sana kufika hapa."

Mgeni alipoondoka, mimi niliyekuwa nikipakia mikate garini nikamuuliza mlinzi, "Kumbe unafuatilia besiboli?"

"Besiboli ni nini? Kofia hii ni ya mtumba tu."

"Sasa hongera umepokea ya nini?"

Akaivua, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. "Eish, dada. Tangu nifike Durban watu wananiuliza tu nitarudi kwetu lini. Leo mtu ananipongeza, nimkatalie?"

Swali langu lililofuata lilikuwa hilohilo, la kurudi kwao lini. Nikalimeza, nikampa mkono.

"Hongera, bingwa."