Samaki Wanaokula Wenzao

Maji ya bahari yalifika nyumbani kwetu, mtaa wa Mapendo, kwa kamiyo, lori la kahawa, ndani ya madumu ya plastiki, na tangu siku ile sikupata tena raha. Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, na ndiye aliyepanga makamiyo ya kwenda Mombasa. Yalikwenda na magunia, yakarudi na mabati, sabuni na maji. Maji! Sisi tunaokaa kando ya ziwa zima, tunaagiza maji. Shofere alinisimulia kwamba mpakani askari waliyaonja dumu moja baada ya jingine wakidhani ni pombe, kisha wakawaita wenzao nao waje waonje.

Kisa chenyewe kilianza na muzungu mwenye kiwanda. Alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mume wangu sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, pampu ya hewa, na kitabu cha Kifaransa juu ya samaki wa baharini. Mwingine angetafuta mtu wa kumpa lile sanduku. Wangu alikaa mbele ya kioo kitupu na abakosti yake, koti lake la heshima, akatangaza kwamba hataki visamaki vya rangi vinavyochezacheza tu. Alitaka samaki wanaokula wenzao. Nilipouliza kwa nini, alisema hao ndio wenye akili. Nikaenda zangu kuosha sahani.

Taabu ya samaki wanaokula wenzao ni kwamba wanakula wenzao. Safari ya kwanza shofere alileta chewa, samaki mnene mwenye mdomo mkubwa, na vidogo vinne vya manjano, wote katika pipa moja. Pipa lilipofunguliwa uani kwetu, chewa alikuwa peke yake, na tumbo limemjaa. Safari ya pili akaleta samaki wa miiba, anayetembea ametanua mapezi kama jogoo aliyekasirika, pamoja na kikande, samaki bapa mwenye meno magumu. Kikande alimtafuna mwenzake mapezi, moja moja, wiki nzima, mpaka akabaki kama fagio kuukuu. Mume wangu alikosa hamu ya kula. Kikande alifungiwa katika ndoo, na ndoo ikawekwa jikoni kwangu, nikawa naruka juu yake kila ninapofuata chumvi. Alikaa pale mpaka alipokufa.

Hapo mume wangu akageuka hakimu. Alinunua kaye, daftari la shule, akaanza kumhoji kila samaki kabla hajaagizwa. Mdomo wake unafunguka kiasi gani? Akikasirika anafanya nini? Akikosa chakula anamgeukia nani? Analala wapi? Nani anamwogopa? Majibu aliyapata katika kitabu, na kama kitabu kimenyamaza aliandika barua, shofere akawapelekea wavuvi wa Mombasa, na majibu yakarudi baada ya mwezi. Alinisomea sheria zake wakati nachambua maharagwe: anayeingia katika mdomo wa mwenzake si jirani, ni chakula, mkali apewe shimo lake mwenyewe, wote washibe kabla hawajaanza kutazamana. Nami nilikuwa na watoto watano wa kushibisha kabla hawajaanza kutazamana.

Mwishowe alipata watatu wanaopatana. Samaki wa miiba, ambaye mapezi yake yaliota tena. Chewa mpya, badala ya yule mnene, mwenye ukubwa sawa na wa miiba. Na wa tatu, Mungu wangu, yule ambaye watu wa pwani wanamwita mkunga: mrefu kuliko mkono wangu, umbo kama la nyoka, wa kahawia mwenye madoa, hana pezi unaloliona, anatoa kichwa katika kipande cha bomba alichowekewa humo na kufungua mdomo, kufunga, kufungua, kufunga. Nakubali, hawakugombana. Walikula sambaza, dagaa wa ziwani, wale wazuri, niliowasafisha mimi mwenyewe, na watoto wangu wakala waliobaki. Umeme ulipokatika tulipokezana pampu ya baiskeli kuwapulizia hewa. Nimepigia samaki pampu nikiwa na mimba ya miezi saba, na simsingizii mtu.

Wakati huohuo binti yetu wa kwanza, aliyekuwa mwalimu wa primeri, alipata mchumba. Kijana alitoka milima ya Masisi, kwa wafugaji wa ng'ombe, Wakristo wa kanisa lingine. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa upande wa Bukavu. Watu wake sikuwajua hata mmoja. Kuuliza habari za wakwe ni kazi ya baba. Kijana alifika kwetu mara tatu, na mara zote tatu mume wangu alimsimamisha mbele ya kioo amwonyeshe namna ya kulisha. Sokoni nikaambiwa kwamba mama ya kijana alikwisha kumfukuza mke wa mtoto wake mkubwa, mwaka haujaisha. Nilirudi mbio kumwambia mume wangu. Alisema "mm", akafungua ukurasa mwingine.

Siku hiyo niliweka kikapu chini.

"Papa ya batoto," nilimwambia, "samaki zako unajua kila mumoja anakasirika namna gani. Mutoto wako anaenda kukaa na watu gani, haujauliza hata mara moja."

Alinijibu kwamba nimesema vizuri. Halafu akauliza kama sambaza wako tayari. Miezi minane nilirudia maneno yaleyale, na miezi minane nilijibiwa hivyohivyo. Ningekuwa na hasira ya mama yangu, sufuria ingeruka.

Wakwe walipotuma habari kwamba watakuja Jumamosi kuomba binti, nilisema lile dude litoke saloni, wanapokaa wageni. Huku kwetu, mtu wa biashara akiwa na nyoka nyumbani, hakuna anayeuliza mara mbili: utajiri wake umetoka katika kinywa cha yule nyoka, na kuna mtoto wa nyumba atakayelipa. Mume wangu alisema si nyoka, ana matamvua. Nikamwambia matamvua hayaonekani ukiwa umekaa katika kiti cha wageni. Akasema ukimhamisha atakufa. Basi nilichukua kikwembe, kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikafunika kioo kizima, nikaomba rozari.

Walikuja wanaume sita. Aliyewaongoza alikuwa muzee mwenye kofia na fimbo, kaka mkubwa wa baba ya kijana. Nilijua wafugaji wale hawagusi samaki, kwa hiyo nilipika mbuzi, na kwanza nikawapa chai ya maziwa. Mambo yalianza vizuri. Muzee alisifu maziwa, akasifu heshima ya nyumba, kikombe mkononi. Halafu akauliza ni kitu gani kimefunikwa pale.

Ningesema ni cherehani. Ningesema ni kitanda cha mtoto. Lakini mume wangu alikuwa amengojea miaka mtu amuulize swali hilo, na kabla sijafungua mdomo alikwisha kuvuta kikwembe. Mkunga alikuwa ametoka katika bomba, mzima, amesimama kwenye kioo, anafungua mdomo na kufunga.

Muzee aliweka kikombe mezani. Wa pili akaweka chake, na wa tatu, mpaka wa sita. Binti yangu alikuwa amesimama katika mlango wa ukumbi.

Mume wangu akaleta kitabu, akaonyesha picha, akasoma Kifaransa kwa sauti. Muzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kitabu nacho ni cha nyumba hii hii, hakiwezi kuwa shahidi. Wenzake walikwisha kushika fimbo zao. Yeye akabaki amekaa.

"Sisi hatukule samaki," alisema. "Lakini tunajua samaki ni chakula. Ile ingine, ya utajiri, mutu mwenye kuifuga hawezi kuikula. Kama ni samaki, papa, mama aipike, na wewe uikule, sisi tunaangalia."

Mume wangu alinitazama. Tangu siku mkunga alipoingia nilikuwa naomba atoke, na ningemkaanga kwa furaha. Lakini nilipouona uso wa mume wangu, roho iliniuma. Akamtazama binti yake mlangoni. Alikunja mikono ya abakosti, akachukua wavu.

Sitasema mengi ya jikoni. Mkunga alikuwa anateleza, ana nguvu, na ana miiba kila mahali. Nilimkata vipande, nikamkaanga kwa mawese, kitunguu na nyanya, na wale wanaume sita wakangoja kama watu wa kilio. Nilimwekea mume wangu sahani mbele yake. Alikula kipande kwa kipande, akitoa miiba kwa vidole, na machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola. Aliwaambia wageni ni pilipili. Sikuwa nimetia pilipili.

Alipomaliza, alinawa mikono. Muzee akachukua kikombe chake, akanywa chai iliyopoa, na wenzake wakafuata. Nilidhani yameisha, nilikuwa nimeshajaza pumzi nipige vigelegele.

"Bado, muzee," alisema mume wangu. "Mimi nimekula mbele yenu. Sasa ni mimi ninauliza."

Aliinuka akaenda kuchukua ile kaye. Akafungua ukurasa mweupe, akashika kalamu.

"Kijana wenu, akikasirika, anafanya nini?"

Muzee alicheka. Kisha aliona kwamba mwenzake hacheki, akaweka fimbo chini, akajibu. Anaenda kutembea na ng'ombe mpaka hasira ipoe. Mume wangu akaandika. Akikosa kazi, anamgeukia nani? Binti yangu atalala wapi? Lupango, uwanja wa nyumba zao, lina nani na nani? Akaandika yote. Alipofika kwa mama ya kijana, muzee aligeuza kofia yake mapajani.

"Mama yake ni mukali," alisema. "Bibi ya mutoto wake wa kwanza alishindwa kukaa naye."

"Basi hawatakaa lupango moja. Mutajenga ya binti yangu ng'ambo ingine ya kilima, na mulango yake yeye mwenyewe. Bila ile, mutabaki na ng'ombe zenu za mahari."

Sijui niliondokaje pale. Nilijikuta jikoni nimeinamia kikaango, nalia kwa hasira. Miezi minane! Ilibidi samaki afe ndipo yule mwanaume anisikie.

Nyumba waliijenga, ng'ambo ya kilima, yenye mlango unaotazama upande mwingine. Mama ya kijana alikwenda huko mara nyingi, na kila alipokwenda alisimama nje, akapiga hodi.