Siku Niliyoning'inia Juu ya Duka la Vitambaa

Harusi yetu ilifanyika Isevya, hapa Tabora, na zawadi iliyosemwa kuliko zote aliileta kaka yangu. Anafanya kazi mgodini, upande wa Nzega, na huko mtu hakanyagi kazini bila kofia ngumu. Wageni wengine walipokuwa wanapita mbele na masufuria na mablanketi, yeye aliingia na mfuko wa turubai, akaanza kutoa kimoja kimoja: kofia ngumu mbili, miwani ya kazi, glavu nene, buti zenye chuma vidoleni, na mikanda miwili ya usalama, ile inayovaliwa mabegani na mapajani kisha ikafungwa kamba mgongoni. Wageni wa nyuma walisimama juu ya viti waone.

"Hawa wawili ni mafundi wa friji na viyoyozi," kaka akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, kama anayesoma matangazo kanisani. "Kazi yao ni kupanda kuta za watu. Mimi nataka wazeeke."

Ukumbi ulicheka mpaka bendi ikashindwa kuanza. Mume wangu akavaa kofia yake, nami nikaikalisha yangu juu ya shela, tukafungua muziki hivyo hivyo. Mama alifunika uso kwa kanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Kucheza na kofia ngumu ukumbini ni rahisi. Kufanya nayo kazi Tabora kabla ya mvua ni habari nyingine. Jua la huku halina haraka. Linakaa juu yako kama mgeni aliyekwisha kula. Kofia inachemka, miwani inapata ukungu, jasho linajaa ndani ya glavu mpaka ukizivua unazimwaga. Wiki ya kwanza niliapa nitarudi kwenye kandambili. Lakini gesi ya kiyoyozi ikikurukia mkononi inaunguza kwa ubaridi, na sisi tulikwisha kuona kidole cha fundi mwenzetu kilivyofanywa. Kwa hiyo tukajifunza kuishi na vyombo vyetu. Tulianza kazi alfajiri, tukalowesha vitambaa tukajifunga shingoni, tukabeba dumu la maji yenye chumvi na sukari kidogo. Mume wangu alinilazimisha kunywa hata nikiwa sina kiu.

"Kunywa, Fundi," alikuwa ananiambia.

"Nimeshakunywa, Fundi."

Tulikuwa tunaitana hivyo, na kila mara tulicheka, kwa sababu tulikuwa bado wapya na kila kitu kilituchekesha.

Miezi michache baada ya harusi tukaitwa na bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, nyumba ya ghorofa moja, yeye anaishi juu na duka liko chini. Kiyoyozi chake kilikuwa kimekaa msimu mzima wa baridi bila kuwashwa, na sasa joto limerudi hakitaki kuwaka.

"Kinanguruma tu, mwanangu," aliniambia nilipomwamkia. "Kama mtu anayeota ndoto mbaya."

Sanduku la nje la kiyoyozi lilifungwa ukutani, juu kabisa, upande wa barabara. Tulizima umeme. Mume wangu akapanda juu ya paa la zege, akafunga kamba yangu kwenye nguzo imara, akaivuta mara kadhaa kwa uzito wake wote. Mimi nikapanda ngazi kutoka chini, nimevaa kila kitu alichotuletea kaka, na kitambaa chenye maji shingoni. Nikafungua skrubu za kifuniko. Nikakisogeza.

Ndani kulikuwa na masega. Yamening'inia meupe, mazuri, yamepangwa kama vitambaa vya bibi mle dukani, na juu yake nyuki wamejaa wanatembea. Nadhani tulishangaana wote, mimi na wao. Kisha wao wakaacha kushangaa.

Sikumbuki kuamua. Miguu yangu ilisukuma ukuta, ngazi ikaenda zake, ikalala barabarani kwa kishindo. Mimi sikwenda nayo. Mkanda ulinibana mapajani na mabegani, kamba ikakaza, nikabaki hewani nazunguka taratibu, naangalia duka, naangalia barabara, naangalia duka tena.

"Fundi," mume wangu akaita kutoka juu, sauti imetulia kuliko kawaida. "Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Umeumia?"

"Bado. Kuna nyuki."

"Nimewaona," akasema, kisha nikamsikia anapiga makofi hewani, na nikajua nao wamemwona. Lakini hakukimbia. Alijilaza kifudifudi kwenye ukingo wa paa, ameshika kamba yangu ingawa nguzo ilikuwa imeishika vizuri kabisa.

Barabarani watu walikimbilia mbali, wakasimama huko wananipa ushauri. Mmoja alisema nisiheme. Mwingine alisema niimbe. Miwani ilikuwa inanilinda macho, glavu mikono, kitambaa shingo. Kilichobaki ni kidevu na sikio moja, na hapo nyuki walifanya walichotaka. Na katikati ya maumivu yale kicheko kikanipanda. Nilijaribu kukizuia, kikatoka puani. Mume wangu akakisikia, naye akaanza huko juu. Tulicheka kama watu waliorukwa na akili, mmoja kalala juu ya paa, mwingine kaning'inia chini yake.

Aliyetuokoa ni fundi cherehani wa barazani. Alikuwa na neti ya mapazia ya mteja, mita nyingi tu, akajizungushia yote kuanzia kichwani mpaka miguuni, akatoka kivulini kama bwana harusi aliyekosea nguo. Akainyanyua ngazi, akaniwekea miguuni, akaishikilia kwa nguvu.

"Shuka polepole, dada," akasema kutoka ndani ya neti. "Pazia la watu hili, usinikanyage."

Tulipokwisha kutolewa miiba, mume wangu akampigia simu baba yake aliyeko kijijini Kwihara. Baba mkwe ni mrina asali. Amepanda miti tangu ujana kwa kamba za magome, na ana mguu mmoja mfupi kwa sababu ya mti mmoja uliomkataa. Alifika na bodaboda kabla jua halijakaza, na kopo lake la moshi mapajani na mzinga mtupu mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama kidevu. "Umependeza. Wako wapi?"

Mume wangu akamwomba asubiri, maana gesi za siku hizi nyingine hushika moto na kopo la moshi lina makaa. Walipotulia nyuki, mume wangu akapanda amejifunga ile neti, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba. Halikutoa hata kiputo kimoja. Gesi haikuwa inavuja. Ndipo baba akaruhusiwa kuwasha kopo lake. Lakini kabla ya kupanda alisimama mbele yangu, akaugusa ule mkanda.

"Huu ndio uliokushika?"

"Ndiyo, baba."

"Nivishe."

Nikamvisha, nikamkaza mabegani na mapajani, nikamfunga ile kamba mgongoni. Kisha akapanda. Alipofika juu akawaamkia nyuki wale kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa heshima zote, akapuliza moshi, akaanza kukata masega kwa kisu. Alipomaliza na nyuki wamehamia mzingani, hakushuka. Aliiachia ngazi, akajiegemeza nyuma, akajiacha kwenye kamba. Akaning'inia. Akazunguka mara moja, ananyoosha ule mguu mfupi na ule mrefu.

"Baba, shuka," mume wangu akasema.

"Subiri," baba akajibu. "Nimengoja kitu hiki miaka mingi."

Tukamwacha azunguke. Bibi mwenye duka alichungulia dirishani kumwangalia, akaenda kuita majirani nao waone.

Mchana tulikaa sebuleni kwake, sote na fundi cherehani, tukala chapati za moto na asali ya kiyoyozi, inatiririka mpaka kwenye viwiko. Mume wangu alikuwa amevimba mdomo wa juu, kila akisema "Fundi" inatoka "Vundi", na mimi nikicheka kidevu kinaniuma, nikilia kwa maumivu yeye anacheka. Baba mkwe hakuvua mkanda. Alikula nao.

Tulisafisha lile sanduku kwa maji ya uvuguvugu, tukabadilisha kifaa kimoja kilichokuwa kimekwisha, tukalikausha, tukarudisha umeme. Kiyoyozi kikaguna, kikawaka. Bibi akaenda kusimama chini yake, akafumba macho, upepo ukampeperusha ushungi.

"Ubaridi upo," akasema. "Lakini niambieni ukweli, wamebaki wangapi humo ndani?"

"Hakuna hata mmoja, bibi," nikamwambia.

Akausikiliza mvumo wa kiyoyozi, akatabasamu, akatuongezea chai.