Msalaba wa Ukuti

Ukuti mkavu ukiungua una harufu yake, kali, ya kukereketa koo. Kila ikikaribia Jumatano ya Majivu nikaisikia hapa Muheza, mie huinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Wenzangu hudhani nasali. Sisali. Naona haya.

Nilikuwa na miaka tisa. Katekista alitutuma watoto tupite nyumba kwa nyumba kukusanya makuti ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yachomwe yapatikane majivu. Nilitaka mzigo wangu uwashinde wote. Wanawake walinicheka: "We mtoto, unaezeka banda?"

Nikafika kwa Mama Anjela. Anjela tulikuwa tukicheza rede pamoja. Homa ilimuua masika ya mwaka ule uliopita, baada tu ya Matawi. Mamake akanipa kuti lake. Mie macho yakaganda ukutani, kwenye kimsalaba cha ukuti kilichosukwa kikapinda.

"Na kile, mama?"

"Hicho niachie, mwanangu. Kakisuka Anjela."

Macho yake yalikuwa mekundu. Niliyaona, msije mkanitetea kwamba sikuyaona. "Katekista kasema vyote," nikamjibu. "Mwenye kubakiza anatenda dhambi." Katekista hakusema hivyo hata kidogo.

Akakishusha. Akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto uso, akanipa. Nikakitumbukiza kapuni, nikaondoka mbio. Katekista akanisifu mbele ya wenzangu, akayachoma makuti yote pamoja, na kimsalaba kile kikiwemo.

Jumatano, Mama Anjela alipokwisha kupakwa majivu alitoka kanisani kafunika kipaji cha uso kwa kiganja. Nje palikuwa na upepo. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Mwone, anaficha dhambi zake." Tukacheka.

Uongo ule niliuungama. Padre alinipa Salamu Maria tano, nikazimaliza kabla sijafika mlangoni. Kwa Mama Anjela mwenyewe sikwenda, na alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu mpaka alipofariki. Kila siku shikamoo, marahaba, basi.

Nimekuja kuelewa nilipomzika mwanangu Petro, nikabaki na kandambili zake mlangoni, sitaki mtu azisogeze hata kwa kufagia. Yule mama hakuwa akificha dhambi. Alikuwa akiukinga upepo, usimpeperushie mwanawe.